Nani Hakuelewa?

"Nani hakuelewa?" aliuliza msimamizi wa kiwanda, alipomaliza kuwaonyesha mafundi mashine mpya ya kukatia vitambaa. Hakuna aliyeinua mkono.

Mshonaji mkongwe naye hakuinua wake, ijapokuwa hakuwa ameambulia kitu. Yeye ndiye aliyepangiwa kuianza kazi muda si mrefu, na kisu cha mashine ile kilikuwa kimepita matabaka arobaini ya kitambaa pasipo kukwama. Aliutazama mkono wake wa kulia, ambao kidole chake cha kati kilikuwa bado kimevaa subana ya kukinga sindano. Miaka ishirini na sita ya kuitwa "Mwalimu" ilimwambia auache chini.

Akauinua.

"Mimi sikuelewa, mwanangu. Hata pa kuizimia sijapaona."

Nyuma, mkataji mzee akaangua kicheko. "Afadhali umesema, dada! Mimi naitikia kwa kichwa kama mjusi tangu asubuhi!"

Mikono mingine ikainuka, mmoja baada ya mwingine.

Msimamizi akauchomoa waya wa umeme ukutani, akaketi juu ya robota la kitambaa, akajipangusa jasho.

"Ahsante, mama," alisema kwa sauti ya chini. "Jana nilionyeshwa mara moja tu, nami nikaona haya kuuliza."