Mshahara wa Jirani

"Hela ya mboga tu, dada," fundi magari alisema alipoulizwa anapata ngapi kwa mwezi, huku akijifuta grisi kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe.

Binti akaandika kwenye daftari: hela ya mboga. Halafu akakata kwa hasira mpaka karatasi ikatoboka. Huyo alikuwa wa nne. Fundi bomba hela ya mboga, seremala hela ya mboga, mpaka fundi rangi naye, jamani, hela ya mboga. Mtaa mzima unakula mboga! Na nyuma ya fundi palikuwa na pikipiki mpya, kiti chake bado kina nailoni ya dukani.

"Na hiyo pikipiki?"

"Ya shemeji," fundi akajibu, akajisukuma chini ya gari, asitoke tena.

Mwenye saluni alikuwa kinyume chake. Huyo alidai kwa wiki anaingiza kodi ya nyumba nzima, tena alisema kwa sauti kubwa ili mteja aliyekuwa chini ya mashine ya kukausha nywele asikie vizuri. Binti alipotoka, msusi wa hapo saluni alimfuata hadi mlangoni akamnong'oneza kwamba ana miezi miwili hajalipwa.

Uongo mtupu, kila mlango. Na chuo cha ufundi kilikuwa kinafunga usajili Ijumaa, leo Jumatano. Ada iliyokuwapo benki ilitosha kozi moja tu, na kuikusanya kulichukua miaka minne. Ukichagua kozi isiyo na kazi, basi, imekula kwako.

Nyumbani, mama yake hakumngoja hata avue viatu.

"Haya, umepata nini?"

"Nimepata uongo."

"Ushonaji je?"

"Si wewe mwenyewe uliyesema ushonaji utamaliza macho?"

"Nilisema, ndiyo. Saluni?"

"Saluni ulisema kusimama kutwa, miguu itavimba. Hoteli ukasema zamu za usiku, mdogo wangu atalala na nani. Umeme wa kupanda nguzo ndiyo kabisa, ulishika kichwa. Sasa nikatafute kazi gani, mama? Ya kuangalia dirishani?"

Mama aliendelea kukunja nguo. Alikunja shati moja mara tatu, akalifungua, akalikunja upya.

"Hela za miaka minne, mwanangu," akasema mwishowe. "Naogopa zisije zikapotea bure."

Binti alitamani kupiga kelele. Naye aliogopa vilevile, na woga ndio uliokuwa unamtia hasira. Akaingia chumbani akaubamiza mlango. Kisha akakumbuka mdogo wake anafanya kazi za shule sebuleni, akaufungua tena, taratibu, kwa aibu.

Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, alijibwaga kwenye benchi la mshonaji mmoja mzee ambaye Jumanne alikuwa amemfukuza.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umerudi na daftari lako la polisi?"

"Leo siulizi mtu. Nimechoka. Mkiulizwa mnapata ngapi, nusu yenu mnakuwa maskini hapo hapo, nusu matajiri."

Mzee akacheka hadi akatoa mguu kwenye cherehani. "Ya kwangu sikwambii ng'o. Ila huyo wa friji hapo mbele, unayemwona amenuna kama kafiwa? Kwa mwezi huyo analipa kodi ya vyumba viwili, analipa shule, na anabaki na nusu."

Binti akakaa wima. "Umejuaje?"

"Miaka tisa tunatumia kibanda kimoja. Nitaachaje kujua?"

Alaa! Kumbe alikuwa anauliza vibaya wiki nzima. Akasogea kwa fundi friji, akamwuliza habari za mshonaji, na akaambiwa zote, hadi deni la vitambaa. Kwa seremala akauliza za fundi bomba. Kwa fundi bomba akauliza za fundi magari, akajua na pikipiki ni ya nani. Hakuna aliyesita. Ndani ya saa moja alikuwa amejaza kurasa tatu, na kila alichoambiwa na huyu kilithibitishwa na yule.

Hesabu ikaangukia friji. Mabucha, maduka ya dawa, wenye hoteli, wote wanalilia fundi, na mafundi wenyewe mji mzima ni watano. Kazi ya mchana. Kazi ya kukaa kwenye kigoda.

Akarudi mbio kwa fundi friji.

"Kaka, pale chuoni wanachukua wanawake?"

"Wanachukua mwenye mikono."

"Na umri? Kuna mwisho?"

Fundi aliyenuna akaangua kicheko. "Wewe ndiyo wa kuuliza umri? Katoto hivi! Hawana mwisho. Nenda."

Ijumaa walikwenda wote wawili. Mama alivaa gauni lake la harusini, na foleni nzima alikuwa akirekebisha kitambaa kichwani.

"Lakini una uhakika na hii friji?"

"Mama, hiyo ni mara ya sita. Nitakuacha hapa."

Karani dirishani hakuwa ameinua kichwa tangu asubuhi. Alikuwa na wimbo mmoja kwa kila aliyefika: mzazi benchi, mwanafunzi dirishani, mzazi benchi, mwanafunzi dirishani. Foleni ikasogea, zamu yao ikafika.

"Kozi?"

"Ufundi wa friji," binti akasema.

"Ada?"

Binti akapitisha risiti ya benki chini ya kioo. Karani akaigonga muhuri, akasukuma fomu na kalamu.

"Haya. Mzazi benchi, mwanafunzi dirishani."

Binti akamtia mama yake kalamu mkononi, akaenda kukaa benchi.