Vidole vya Kocha Mbaruku

Kila jioni kocha Mbaruku aliwadundisha wasichana mpira wa kikapu bila kuutazama. Yeye huinua mkono, nao hutaja idadi ya vidole alivyonyoosha. Zawena ndiye aliyesifiwa kuliko wote. Hakuna aliyejua kwamba macho yake yalikuwa yameingia ukungu, na kwamba jibu hulisikia kwanza kwa Mwanaidi, jirani yake mstarini.

Siku ya kuchagua timu ya mji, kocha alimwita Zawena katikati ya uwanja peke yake.

"Nenda kawafunze hawa wanaokodolea mpira kama andazi!" Mwanaidi alitania. Wenzake wakacheka.

Zawena akadunda kulia, akahamishia kushoto, akaupitisha mpira katikati ya miguu. Kiganja hakikukosea.

"Vingapi?"

Kocha alizoea kuanza na viwili. "Viwili, kocha!"

Kicheko kikakatika.

"Vingapi, mwanangu?" Sauti ilikuwa imekaribia, tena imeshuka.

"Vitatu."

"Zawena, mikono yangu yote imo mifukoni."

Mpira ukamponyoka. Aliusikia ukidunda, kisha ukibingirika mbali. Alipopiga hatua kuufuata, akasikia nyayo za wenzake zikirudi nyuma, moja baada ya nyingine, zikimpisha.