Picha ya Mjukuu

Bi Sihaba na binti yake, Raya, hawakuwa wamesemezana tangu ugomvi wa posa. Asubuhi hiyo jirani wa Bi Sihaba, Mwajabu, alimfungulia ukurasa wa Raya kwenye simu. Raya alikuwa amejifungua.

"Bonyeza picha, usiachie mpaka iandike 'hifadhi'," alisema Mwajabu. "Ila usiguse moyo, shoga. Ataona jina lako, akufungie."

Bi Sihaba akabonyeza, akashikilia. Picha ya kwanza ikaingia. Kwenye ya pili, moyo ukawa mwekundu.

"Uwii, nimeugusa!"

Wakangoja, roho juu. Punde ukurasa wote ukatoweka.

"Ameshakufungia," Mwajabu akanong'ona.

Bi Sihaba akafungua ile moja aliyoipata. Mtoto alikuwa amegeukia kifuani kwa mamaye. Akaikuza picha, akaikuza tena, mpaka sikio lile dogo likajaa kioo kizima.