Ng'onda Mfukoni mwa Zuberi

"Toa mkono mfukoni!"

Zuberi akautoa polepole, na kipande cha ng'onda, samaki mkavu wa chumvi, ndani yake, chumvi imekigandia kama chokaa.

"Baba Rajabu, unataka kuniacha mjane?"

"Kidogo tu, Mama Rajabu. Cha kulambia."

Asia alikinyakua, akamtupia paka. Mwezi mzima alikuwa akimlinda mumewe kama korosho za daraja la kwanza. Walipimwa presha wote wawili, siku wauguzi walipokuja mtaani kwao, Rahaleo. Lakini wingu lilitanda, Asia akakimbia kuanua korosho zake uani, Zuberi akabaki kusubiri majibu. Alirudi na uso wa msiba.

"Nina presha, mke wangu. Nesi kasema nisile chumvi, nitembee kila asubuhi, mwezi ukiisha nirudi. Wewe huna neno."

"Nilijua," alisema Asia. Zahanati aliiona mahali pa wavivu. Hata kichwa kilichokuwa kikimgonga alfajiri alikifunga kwa kanga, akaendelea kufagia.

Lakini kwa mumewe hakulegeza. Alimvutia mpira wa bomba la kupulizia mikorosho dawa.

"Unauona ulivyokakamaa? Kila siku dawa inasukumwa ndani yake kwa nguvu. Mwishowe unaziba, au unapasuka. Mishipa ya ubongo ndiyo hivyo hivyo, ila yenyewe myembamba kama uzi. Ukipasuka mmoja, mkono chini, mdomo upande, na uji nikulishe mimi. Sitaki!"

Zuberi akauweka mpira kando. "Basi tule wote bila chumvi. Na tutembee wote. Peke yangu siwezi."

"Mtoto mkubwa we!" Lakini akakubali. Kila asubuhi wakaenda hadi karibu na bandari na kurudi, Asia mbele akifoka, Zuberi nyuma akipiga mluzi.

Mwezi ulipoisha, Asia mwenyewe alimkokota hadi zahanati, akamkalisha kitini kwa nguvu.

"Nesi, mpime huyu mkaidi! Jana tu nimemkamata na ng'onda."

Nesi Veronika, yule yule aliyewapima, alimtazama Zuberi, kisha akacheka mpaka akashika meza.

"Mzee, hadi leo hujamwambia?"

"Ningemwambia, angekuja?" Zuberi akainuka, akapangusa kiti kwa kofia yake.

"Mama, keti wewe," alisema nesi. "Lete mkono."

Asia akakaa, mdomo wazi. Nyuma yake akasikia ng'onda ikitafunwa.