Bila Kufungua

Uani kwetu Maparoni, baba alikuwa akibonyeza kaa tumboni, mmoja mmoja, akiwatenga waliojaa nyama. Akaniuliza nilisomea nini hasa huko chuoni.

"Viini vya atomu, baba. Tunakirushia kiini chembe, nacho kinainyang'anya nyutroni moja. Tukipima chembe inavyotoka, tunajua ndani ya kiini kumepangwaje."

"Bila kukifungua?"

"Bila kukifungua."

"Kumbe kazi yetu moja, Mwamini."

Akanawa tope, akapandisha fulana, akauweka mkono wangu chini ya mbavu zake. "Haya, niambie humu mna nini. Mama yako usimwambie."

Vidole vyangu vikagusa kitu kigumu, kikubwa kuliko kiganja.

"Nyama tu, baba," nikasema.

Yeye hakuutazama mkono wangu. Alikuwa akinitazama usoni.