Neno la Mzee Elineema

Miwani haikuwa mezani, wala kitandani, wala juu ya friji. Wilbroad alimsaidia Mzee Elineema kuitafuta nyumba nzima mpaka jasho likamtoka.

"Acha tu, baba. Mgeni ameshafika. Utasema, hutasoma."

"Penye wazee haliharibiki neno," mzee akacheka.

Kwa kweli hakuihitaji. Kamusi yake ya maneno ya sheria, Kinorwe kwa Kiswahili, ilikuwa imemkaa kichwani miaka thelathini, tangu akitafsiri mahakamani Oslo hadi kustaafu hapa mjini Auderghem. Sasa Wilbroad, mtoto wa marehemu mdogo wake, amemletea mama wa Kinorwe wa kuichapisha. Mzee hakutaka kingine duniani. Aione kamusi, afe.

Mgeni alianza na neno moja: vergemål.

Mzee akachangamka. "Verge ni mlinzi, asili yake kukinga. Mål ni shauri, neno la barazani. Hata sisi husema, nina neno nawe. Basi kisheria, asiyeweza kujisemea, kwa uzee au maradhi, hupewa wa kumlindia neno lake na mali yake. Zuri, sivyo?"

Mgeni akatabasamu, akaandika. Kisha akauliza habari zake mwenyewe. Za kuweka nyuma ya kitabu hizo, mzee akawaza.

"Una watoto?"

"Saba." Mkewe hakujaliwa kuzaa, lakini watoto wa ndugu zake hakuwahi kuwaita vingine, kwa Kipare wala kwa Kinorwe. Kumwita mtoto "wa ndugu yangu" aliona ni kumtupa.

"Wazazi wako hai?"

"Baba yupo, Usangi. Ana miaka sabini na saba." Huyo alikuwa baba yake mdogo, kitindamimba wa babu.

"Na wewe?"

"Sabini na nne."

Kalamu ikasimama. Mgeni akamtazama Wilbroad, ambaye angeweza kueleza kwa maneno mawili. Wilbroad akashusha pumzi tu, akainamisha kichwa.

Mzee aliweka sahihi kwenye mkataba wa kamusi, pale alipoonyeshwa. Wilbroad akamsindikiza mgeni hadi kwenye tramu, akasahau koti lake kitini. Mzee alipoliinua alitundike, miwani yake ikaanguka kutoka mfukoni.

Akaivaa, akachukua nakala ya mkataba wake. Juu palikuwa na lile neno, chini yake jina lake. Mlinzi: Wilbroad. Na mbele ya swali la watoto, kwa mwandiko wa Wilbroad mwenyewe: Hana.