Fomu Namba 212

Simu ilitetemeka mezani kwa mara ya tatu asubuhi ile. Profesa akailaza kifudifudi.

"Mama tena," alimwambia msaidizi wake. "Wiki iliyopita alining'ang'ania nimpeleke kliniki, nikamwambia achukue teksi. Nitampigia baadaye. Haya, umepata?"

Zilibaki dakika ishirini atoe mhadhara wa kuagwa chuoni, na hakuwa na mfano hata mmoja wenye uhai. Miaka thelathini alikuwa ameshikilia nadharia moja: mtu akikosa wa kumshika mkono, humshika Mungu. Takwimu alikuwa nazo tele, ila takwimu, jamani, zimemliza nani? Na leo wapinzani wake wote wangekaa viti vya mbele.

"Ipo hii, lakini..." Msaidizi alichomoa fomu namba 212. Wiki iliyopita alishinda kwenye foleni za hospitali akiwauliza wagonjwa na kuandika walivyojibu. Jina haliandikwi, ndiyo sheria ya profesa. Mungu naye hatajwi kwenye swali, watu wasije wakalishwa maneno. Swali ni moja tu: ukielemewa, unamwita nani, naye yukoje?

Profesa akasoma upande wa mbele, akapiga meza. "Hii hapa! Umeniokoa, mwanangu!"

"Nyuma kuna maneno mengine, Profesa..."

"Twende, tunachelewa."

Ukumbi ulifurika. Profesa akavaa miwani, akasoma taratibu.

"'Yuko mbali, ila najua hajanisahau. Namwita kila siku, hajibu. Simlaumu, ana watu wengi wanaomhitaji. Mara nyingine naongea naye jikoni kama vile yupo. Iko siku atakuja kunichukua.'"

Mkutubi wa chuo akapangusa machozi. Hata mpinzani mkuu wa profesa, mzee mbishi asiyewahi kukubali kitu, akainama kutafuta leso. Makofi yakapigwa mpaka watu wakasimama. Profesa kichwa kikamvimba, tusifichane. Akatamani waendelee kidogo, na hapo akakumbuka ule upande wa nyuma. Akageuza fomu, akasoma kwa sauti ile ile ya mhadhara.

"'Mjukuu wangu, kumbe unatoka chuo kile? Basi huyo ninayemsema ni mwanangu, ni profesa huko huko kwenu. Ukimwona usimsumbue. Mwambie tu kliniki nilifika salama.'"